Tumbo la Kivuko cha Mzee Grisi

"Ukigusa hata tofali moja, mimi na meza yangu tunahama!"

Huyo ni mkwe wangu, dereva wa lori la maji, mtu mpole ambaye hata akikanyagwa mguu yeye ndiye anayeomba radhi. Siku hiyo alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono ameitandaza juu ya meza kama kuku aliyeona mwewe.

"Hama nayo," akajibu mwanangu, mkewe. "Kivuko kitakuwa kwenye makopo kabla hujafika mlangoni."

"Miezi miwili, Mama Vipande! Miezi miwili nakula sahani iko mapajani! Leo mzee wa watu amekuja, amekizunguka, amekitazama, amesema kizuri. Kwa kinywa chake mwenyewe! Ulitaka apige na vigelegele?"

"Amesema kizuri."

"Si ndiyo hiyo?"

"Hata ndoo ya jirani ni nzuri. Ya kwako huiiti nzuri, unaiita yangu."

"Mama, msikie mwanao!"

Mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha dirishani nachambua maharage. Nikasema, "Namsikia. Na wewe nakusikia. Na jirani wa nyumba ya tatu anawasikia, amezima redio ili asipitwe na neno."

Mkwe akacheka bila kupenda, na mikono ikalegea. Mwanangu akapenya hapo hapo, akang'oa bomba la moshi la kivuko, akalitia kwenye kopo la siagi. Klik. Mkwe akashika kichwa.

Sasa nieleze ugomvi ulipotoka, maana mtu akisikia nyumba inagombania tofali anaweza kudhani tunajenga.

Mwanangu huyu ni wa pili kuzaliwa. Kazi yake ya mchana ni kushona viti vya magari kwenye gereji iliyo nyuma ya kituo cha mafuta. Gari likiletwa limechanika viti kama limebeba chui, yeye hulivua ngozi, hunyoosha vyuma, huvuta mikanda, hushona upya. Vidole vyake vina nguvu kiasi kwamba chupa za nyumba hii hazijawahi kukijua kifunguzi. Hapo sitii chumvi. Kidogo tu.

Kazi yake ya pili ni hii ya matofali ya plastiki, yale madogo ya watoto yenye vinundu juu, unayabana moja juu ya jingine. Alinunuliwa mjukuu wangu mfuko mmoja alipokuwa na miaka saba. Mtoto akajenga gari, likamshinda, akasinzia pale pale mkekani. Alipoamka alikuta lori lenye magurudumu sita, tela, na kibati cha nyuma kinachofunguka, na mama yake amepiga magoti anatafuta kipande cha taa. Mtoto akalia: "Bibi, Mama amecheza yote!" Leo mtoto yuko chuoni anasomea udongo. Matofali yalibaki, na mama akabaki nayo.

Watu wakaanza kumjia. Hataki kutengeneza chombo cha dukani, chenye boksi na picha. Anatengeneza chako wewe: basi uliloendesha, trekta la baba yako, gari la kwanza ulilonunua likakufia njiani. Hakati tofali, hatii gundi, hapaki rangi. Kama umbo halipo, atageuza, atalaza ubavu, atasimamisha kichwa chini mpaka lipatikane. Kwanza anachora kwenye daftari la hesabu lenye vimiraba, kila kimiraba ni kinundu kimoja, na hatua moja ya mtu mzima ni vinundu viwili. Nyumba nzima imejaa: makopo ya siagi, trei za mayai, droo za cherehani. Anapanga kwa umbo, wala hajali rangi. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Mama, jekundu utaliona hata likiwa katikati ya elfu. Lakini lenye kona utalitafuta mpaka ulie." Mimi kazi yangu ni kutafuta lenye kona. Na kuyakanyaga. Niliwahi kukanyaga moja nikaruka mpaka kichwa kikagonga dari. Alama iko pale mpaka leo, ingawa mkwe anang'ang'ania kuwa ni mvua.

Lakini ana sheria yake moja ambayo ndiyo ilileta vita. Hakabidhi kazi mpaka mwenyewe aitaje. Anaiweka mezani, anaifunika kwa kipande cha ngozi ya kiti, anakuita, anafunua, kisha anafunga mdomo. Hakuelezi kitu. Anasubiri mpaka wewe mwenyewe uweke kidole mahali na kusema jambo ambalo hakuna picha ingeweza kumwambia. Dereva wa basi aligusa dirisha la tatu, akasema, "Hili lilikuwa halifungi. Abiria wa hapa nilikuwa nawapa gazeti wazibe upepo." Akakabidhiwa. Mama mmoja wa zimamoto aligusa ngazi ya nyuma: "Hapa ndipo jino langu lilipobaki." Akakabidhiwa. Kazi kumi na nane, zote zimetajwa. Wengine walilia, mmoja alianza kutukana fundi wake wa zamani, yote ni kutaja.

Ya kumi na tisa ndiyo hii ya Mzee Grisi.

Mzee Grisi alikuwa fundi mitambo wa kivuko cha pale mtoni. Miaka thelathini na moja. Kivuko chenyewe mnakikumbuka waliowahi kukipanda: kilikuwa na kelele ya kuamsha samaki, na abiria wakishuka kilikuwa kinashusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. Daraja lilipokamilika, kivuko kikakatwa vipande kikauzwa chuma chakavu. Mzee akaja kwetu na picha tatu za kalenda, akaziweka mezani akasema, "Binti yangu, nataka nikirudishe."

Mwanangu akakirudisha. Cheupe kama jino, mstari wa buluu kiunoni, maboya ya duara pembeni, kizimba cha nahodha chenye vioo vyembamba kama kucha. Nimeishi sana nimeona vitu, lakini kile kivuko ukikitazama kwa upande ulikuwa unasikia kiu.

Na mzee alipofunuliwa, alikizunguka mara mbili mikono iko mgongoni, akakohoa, akasema, "Ahsante, binti yangu. Kizuri." Akavaa kofia yake vibaya na kwenda zake, akisema atatuma mtu aje akichukue.

"Basi," mwanangu akasema siku ile huku akichomoa boya la tatu, "nimeshindwa kumpa mtu kitu chake. Kama siwezi, siwezi. Narudi kwenye viti. Gari haliniulizi kama nimelikumbuka."

Hata mkwe aliyelilia meza yake kwa miezi miwili hakutaka kuipata hivyo. Mimi nikamtazama mwanangu vidole vyake. Mtu akiwa na hasira hung'oa haraka. Yeye alikuwa anang'oa polepole, kila kipande anakifuta kwa kidole gumba kabla ya kukitia koponi. Nikajua huyu akimaliza kazi hii, hatajenga tena hata kibanda cha kuku.

"Acha hapo ulipofika," nikamwambia. "Nipe wiki moja."

"Ya nini, Mama?"

"Mzee amesahau miwani yake. Nampelekea."

Kwa kweli alikuwa ameisahau. Nilikuwa nimeikalia tangu alipotoka.

Kesho yake asubuhi nikaenda. Nyumba ya Mzee Grisi utaijua kwa mlango: ukiupulizia unafunguka. Kila bawaba ameipaka mafuta, kila komeo, mpaka koleo la mkaa linafunga na kufungua kama mkasi wa daktari. Mkewe huwa anauza vifungo na zipu sokoni, anatoka mapema, basi nilimkuta mzee yuko peke yake barazani anapaka mafuta gurudumu la mkokoteni wa mtu.

"Karibu, dada. Huyu mkokoteni analia bila sababu."

"Kaka," nikasema, maana mimi sijui kuzunguka, "chombo chako kilikuwa cha rangi gani?"

"Cheupe."

"Una hakika?"

Akaendelea kupaka mafuta. Gurudumu likazunguka, likazunguka. Mwishowe akasema, "Unauliza nje au ndani?"

"Kwani kuna mawili?"

"Ndani kilikuwa kijani mpaka kifuani, halafu rangi ya maziwa mpaka juu. Huko nakuapia. Nje..." Akajikuna shingo. "Nje nadhani cheupe. Wanasema cheupe."

Nikaweka makalio chini kabla hayajaanguka yenyewe. "Miaka thelathini na moja, kaka!"

"Sasa dada, ningekiona saa ngapi? Nafika alfajiri, napita kilango cha pembeni, nashuka. Natoka giza limeingia. Siku ya mapumziko nani anakwenda kutazama kazi yake? Zile picha za kalenda nilipewa. Nikasema, kama wote wanasema ndicho, basi ndicho."

"Na binti yangu mbona hukumwambia?"

"Amekaa na kile kitu miezi miwili! Nimwambie nini? Kwamba sijui chombo changu mwenyewe kilivyo? Nilikizunguka nikitafuta mahali ninapopajua. Hapakuwa hata mahali pamoja."

Nilicheka mpaka jirani akachungulia. Kisha nikaona macho yake, nikaacha.

Nikarudi nyumbani mbio, mbio za umri wangu, ambazo kobe anaweza kuzionea wivu. Mwanangu nilimkuta gerejini chini ya kiti cha nyuma cha teksi, miguu tu iko nje. Nikaiambia miguu: "Umejenga kivuko cha abiria! Mzee hajawahi kuwa abiria!"

Miguu ikatulia. Kisha ikatoka, na mwenye miguu akatoka, na uzi mdomoni.

"Tumboni," akasema.

"Tumboni."

"Mama, tumboni nimejaza takataka."

Hapo niwape siri ya kazi. Chombo cha matofali kwa nje ni harusi, lakini ndani hujazwa yoyote yaliyopo, mradi kishike: ya njano, ya waridi, yaliyotafunwa na mtoto, yaliyopauka juani. Hakuna anayeyaona. Kile kivuko cheupe kama jino, tumboni kilikuwa kama rundo la mitumba. Na mahali pale pale pa mitumba ndipo mzee wa watu alipokuwa ameishi.

Basi kazi ikaanza upya. Kila asubuhi mimi kwa mzee, kila jioni kwa mwanangu. Daftari sikuwa nalo. Nilikwenda na matofali mfukoni. Mzee akisema jambo, nahamisha tofali moja kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Yeye alidhani nimependa tu hadithi zake, sikumwambia zinakwenda wapi. Nikifika nyumbani nayatoa moja moja. Hili: ngazi ina vidaraja tisa, cha saba unainama, ukisahau unapata nundu. Hili: kuna kiti kimoja tu, cha chuma, na hakuna aliyewahi kukikalia maana kinachoma. Hili: mtungi wa mafuta umefungwa kwa kamba ya katani, kwa sababu kivuko kikigeuka mtungi hutembea. Hili: ukutani kuna saa iliyokufa, na mzee hakuwahi kuitengeneza, kwani zamu alikuwa anaijua kwa joto la sakafu.

"Na injini?" mwanangu akauliza.

"Kubwa kama tembo wawili wamekumbatiana."

Akaandika. Mwanangu ananijua, ukubwa wowote niutajao huwa anaugawa kwa tatu.

Siku tisa nilikwenda. Siku ya sita mkewe alirudi mapema akanikuta barazani, mumewe amefumba macho ananionyesha kwa mikono jinsi vali ilivyokuwa inanung'unika. Tukasalimiana vizuri sana. Vizuri kupita kiasi. Siku ya saba nilikuta amevaa gauni la kutokea na hajaenda sokoni.

Huku nyumbani mambo yalikuwa magumu. Ukikitoa kivuko matumbo, mgongo unapinda. Mwanangu alikitoa takataka zote, akakirudisha mezani, na katikati kikashuka kama mbuzi mwenye mimba. Gundi, hapana, alishaapa. Akajaribu nguzo, zikaziba injini. Siku mbili akawa anajenga na kubomoa. Mkwe alikuwa anapita kwa ncha za vidole, na sahani yake mapajani, halalamiki.

Siku ya tatu jioni akaja kutoka kazini na fremu ya kiti cha gari begani, vyuma vitupu na mikanda inaning'inia. Akaikalisha sakafuni, akaipindua, akaitazama huku na huku. "Mama, keti hapa." Nikakalia mikanda mitupu. Sikuanguka. "Kilo ngapi hizo?" akauliza.

"Siku hizi? Kama unyoya."

"Mikanda imepita hivi na hivi," akasema, wala hakunisikiliza. "Chini hamna kitu, na inabeba." Akakimbilia droo. Akachukua yale marefu membamba, akayapitisha chini ya sitaha, moja juu moja chini, kama anavyovuta mikanda ya kiti, akayabana ubavuni. Sitaha yenyewe akaifanya kama kifuniko, inanyanyuka nzima na kizimba cha nahodha juu yake. Akakishika kivuko kwa ncha mbili akakinyanyua. Kikakaa wima kama askari wa gwaride. Mkwe akapiga makofi, mchuzi ukamwagika mapajani, akaendelea kupiga.

Rangi ya kijani mpaka kifuani ilimla jioni nne. Vidaraja tisa vya ngazi ni vibapa tisa vyembamba, na cha saba kina boriti juu yake. Kamba ya katani ni uzi wa kushonea viti. Saa ni kinundu kimoja cheupe, hakina mshale, kwa sababu imekufa.

Jumamosi mchana tukamwita mzee, akaja. Amenyoa, amepiga shati pasi, na uso wa mtu anayekwenda kusema uongo wa adabu kwa mara ya pili.

"Shikamoo, mzee," mwanangu akasema.

"Marahaba, binti yangu. Nasikia umekirekebisha. Kilikuwa kizuri tu."

Hilo neno! Mkwe akanibana mkono mpaka nikaona nyota. Mwanangu akavuta kile kipande cha ngozi, kivuko kikatokea, cheupe vile vile, na mzee akaanza kuweka mikono mgongoni ili azunguke. Ndipo mwanangu akaishika sitaha kwa vidole vinne na kuinyanyua.

Mzee hakuzunguka. Akasimama. Kisha akainama kidogo, shingo akaipindisha upande, kama mtu anayepita chini ya kitu, na hakuna kitu kilichokuwa juu yake. Akasogea mpaka pua ikakaribia kijani. Nyumba nzima haikuvuta pumzi. Mwanangu midomo ameibana mpaka imekuwa myeupe. Nilijua anahesabu moyoni, sijui anahesabu nini.

"Mbona kimya?" mzee akasema.

Nikadhani anatusema sisi. Nikafungua mdomo, lakini yeye alikuwa anaongea na injini.

"Zamu yangu haijawahi kuwa kimya namna hii," akasema, na akateremsha kidole chake kinene, polepole, kidaraja kwa kidaraja. Cha saba akakiruka. "Nundu," akasema. Akaufikia mtungi. "Kamba yangu. Nani amewaambia fundo lilikuwa huku?" Akaangua kicheko, kicheko kikubwa kuliko yeye, na machozi yakamtoka bila kumuomba ruhusa. "Ndicho hiki. Jamani, ndicho hiki hiki. Changu!"

Mwanangu akakaa chini. Hapakuwa na kiti, alikaa tu. Mkwe akaniachia mkono, akaanza kuipangusa meza pale pasipo na vumbi, anatabasamu kama aliyeposwa.

"Lakini!" mzee akasema.

"Lakini nini?" Mwanangu akainuka kama amechomwa sindano.

"Hili bomba la kupozea. Halipiti hapa. Linapita upande ule."

"Mzee, ulisema kulia. Mama alileta tofali kabisa: bomba, kulia."

"Nilisema kulia, ndiyo. Kulia kwangu!"

"Kulia si kulia tu?"

"Sasa binti yangu, bomba la kupozea unalitengeneza umesimama? Nilikuwa nalala chali, kichwa kimeelekea mbele. Kulia kwangu nikiwa nimelala!"

"Mtu akiuliza kulia anauliza kwa meli, haulizi kwa mgongo wako!"

"Meli ndiyo iliyokuwa mgongoni kwangu miaka thelathini na moja!"

Wote wawili sauti zimepanda, wote wawili wanang'aa kama sufuria mpya. Sijawahi kumwona mwanangu akikosolewa akanenepa vile. Tayari alikuwa na kibapa mkononi, anang'oa bomba, anagombana.

"Subiri, nikuonyeshe!" mzee akasema, na kabla hatujamzuia akavua kofia, akalala chali sakafuni, kichwa chini ya meza, miguu imetoka kuelekea mlangoni. "Dada, njoo wewe uwe injini. Simama hapa juu yangu. Inama. Inama zaidi! Haya, sasa mkono wangu wa kulia..."

Nikainama. Nilikuwa injini nzuri. Nikaanza na kunguruma kidogo ili kazi iende.

"Hapo hapo, dada, usitikisike, sasa ninapitisha mkono hivi, nakushika hapa kwenye..."

Mlango ukafunguka, na mke wa Mzee Grisi akasimama kizingitini, gauni la kutokea, mkoba kwapani.